Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Dominika ya Familia Takatifu, Mwaka A
Masomo: YbS 3:2-6, 12-14; Kol 3:12-21; Mt 2:13-15, 19-23



Leo Mama Kanisa anatuweka mbele ya Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Kila mwaka tunapoadhimisha sikukuu hii, sisi wahubiri hukimbilia mambo ya nyumbani: baba awe baba, mama awe mama, watoto watii. Ni mambo mema, na somo la kwanza na la pili yanatupa haki ya kuyasema. Lakini Injili ya leo haiko nyumbani hata kidogo. Iko barabarani, tena usiku, nayo inaishia katika nchi ya kigeni. Mwinjili Mateo anasimulia jinsi Yosefu alivyoonywa katika ndoto, akaamka, akamchukua Mtoto na Mama yake, akaenda Misri na kukaa huko hata Herode alipokufa.

Injili hii naipenda, tena naiogopa. Naomba leo niwaeleze sababu, maana kwa miaka mingi sikuisema.

Mwaka 2007 nilikuwa masomoni mjini Eldoret, nchini Kenya. Ilipofika likizo ya Noeli wenzangu walirudi makwao. Mimi niliombwa nibaki nisaidie parokia moja ya shamba, nje ya mji. Waamini wake walikuwa watu wa makabila mbalimbali, waliolima mashamba yanayopakana, wakasaga mahindi yao katika mashine moja na kuimba katika kwaya moja. Siku ya Alhamisi, tarehe 27 Desemba, wenyeji wangu walipiga kura. Niliona mistari mirefu ya watu watulivu, nikawasifu moyoni mwangu.

Jumapili iliyofuata, tarehe 30 Desemba, ilikuwa Dominika ya Familia Takatifu, na Injili ilikuwa hii hii ya leo. Matokeo ya kura ya Rais yalikuwa hayajatangazwa, na watu walikuja kanisani na redio ndogo mifukoni. Nami nikahubiri juu ya nini? Juu ya akina baba wanaochelewa kurudi nyumbani. Misri niliitaja mara moja tu, nikapita.

Jioni ile matokeo yakatangazwa, na jioni hiyo hiyo Rais akaapishwa. Kabla hatujamaliza chakula cha usiku tuliona moshi ng'ambo ya bonde. Usiku wa manane harufu ikatufikia. Ilikuwa harufu ya mahindi yanayoungua, kwa sababu mavuno yalikuwa ndiyo kwanza yameingia ghalani.

Sitasimulia yote. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya katika majuma yale, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Maelfu walivuka mpaka wakaingia Uganda. Siku ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa moja walimokimbilia watu, wengi wao wanawake na watoto, lilichomwa moto nao wakiwamo ndani. Habari ile ilipotufikia tulitazama kuta za kanisa letu, na hakuna aliyesema neno.

Ndugu zangu, msidhani kwamba mambo yale yalizaliwa siku moja. Kura ilikuwa kiberiti tu. Nyasi zilikuwa zimekauka siku nyingi. Palikuwa na ugomvi wa ardhi uliotoka enzi za ukoloni na kuendelea baada ya uhuru. Palikuwa na mapigano ya miaka ya tisini, wakati wa chaguzi za 1992 na 1997, ambayo majeraha yake yalifunikwa bila kutibiwa. Na palikuwa na maneno. Mojawapo lilikuwa neno la Kiswahili chetu hiki, neno wanalotumia akina mama wanapofua nguo: madoadoa. Majirani waliotoka sehemu nyingine za nchi waliitwa madoadoa, yaani uchafu juu ya kitambaa. Nililisikia neno hilo sokoni mara kadhaa kabla ya kura, tena watu wakilicheka, nami nikalichukulia kuwa mzaha wa siasa za watu wengine. Sasa najua: ukimwita mwenzako doa, hujamtukana tu, umekwisha kutafuta sabuni.

Tarehe 3 Januari ilitubidi kwenda mjini. Ndani ya gari la parokia tulikuwa wawili, mimi na katekista mkuu, mzee ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Yeye alikuwa wa kabila lililokuwa likifukuzwa. Nyumba yake ilikuwa imechomwa siku mbili kabla, na familia yake ilikuwa imetangulia kwenye Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, pale Eldoret, ambapo Askofu Cornelius Korir alikuwa amefungua malango na maelfu ya watu walikuwa wamelala uani. Mwalimu alipanda gari akiwa na gunia moja tu la mahindi, limekunjwa, na ndani yake kitu kizito. Sikumwuliza ni nini. Tulifunga matawi mabichi mbele ya gari kuwa ishara ya amani, tukaondoka.

Kizuizi cha kwanza tulipita. Cha pili kilikuwa cha mawe na nguzo ya umeme iliyoangushwa. Vijana walikuwa na pinde, mapanga na rungu. Mmoja wao, umri wa mwanafunzi wa sekondari, akasema, "Vitambulisho." Nikampa pasipoti yangu. Akaigeuza huku na huku, akamwita mwenzake, kisha akanirudishia kwa adabu. "Padre, wewe ni wa Tanzania. Huna neno. Wewe ni mgeni, pita." Halafu akaelekeza panga lake upande wa pili wa gari. "Na huyu mzee?"

Wapendwa, swali lile niliulizwa mimi. Ningeweza kujibu, "Huyu ni baba yangu katika imani." Ningeweza kujibu, "Nimekuja naye, siendi bila yeye." Ningeweza hata kusimama tu mlangoni pake, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kusema kwamba mimi hawana shida nami. Sikusema neno. Nilitazama usukani. Nilinyamaza kadiri ya mtu kusali Salamu Maria moja, nami sikuisali.

Ikawa Mwalimu mwenyewe ndiye aliyejibu. "Mimi ni katekista wa parokia," akasema, akataja jina lake lote, jina ambalo mtu yeyote wa Kenya akilisikia anajua ni mtu wa wapi. Kukawa kimya. Kisha mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando ya barabara, pamoja na wale wale vijana, akainuka polepole. Akawaambia, "Huyu ndiye msimamizi wa ubatizo wa kijana wangu wa pili. Ndiye aliyemfundisha mama yenu sala. Mkimgusa, mmenigusa mimi." Vijana wakaguna. Lakini nguzo ikasogezwa, tukapita.

Tulipokuwa mbali kidogo Mwalimu alifungua gunia lake. Ndani yake mlikuwa na daftari la ubatizo la parokia. Wakati nyumba yake inaungua yeye alikuwa amekimbilia ofisi ya parokia kulichukua. Akalifungua juu ya magoti yake, akaweka kidole juu ya mstari mmoja: jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, na jina la msimamizi, lake yeye. Nikamwuliza kwa nini aliacha vyote akachukua daftari. Akanijibu, "Padre, nyumba itajengwa. Mahindi yatapandwa. Haya majina yakiungua, nani atakumbuka kwamba tulikuwa ndugu?"

Enyi makatekista mnaonisikiliza, mnalijua daftari hilo. Mnajua kwamba haliandikwi kwa kabila, bali kwa siku ya ubatizo. Waliochoma na waliochomewa walikuwa ndani ya ukurasa mmoja, mstari kwa mstari.

Nililala usiku ule katika uwanja wa Kanisa Kuu pamoja na watu wale. Asubuhi nilimtafuta Mwalimu nikamwomba radhi. Hakunilaumu. Aliniambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Uliogopa, Padre. Hata mimi niliogopa. Ila wewe ulikuwa na mahali pa kuifichia hofu yako. Mimi sikuwa napo."

Katika juma la pili la Januari nilipata nafasi katika msafara uliosindikizwa na askari hadi Nairobi, kisha nikavuka mpaka Namanga. Mama yangu alinipokea kwa machozi, na majirani wakasema, "Mungu amekuokoa." Nikaitikia Amina. Lakini mwisho wa mwezi ule, nikiwa nimeketi salama kwetu, nikasikia kwamba Padre Michael Kamau Ithondeka, Makamu wa Gombera wa Seminari Kuu ya Mtakatifu Mathias Mulumba ya Tindinyo, ameuawa tarehe 26 Januari kwenye kizuizi cha barabarani. Padre kama mimi, barabarani kama mimi. Yeye hakuwa na pasipoti ya nchi nyingine.

Basi turudi kwenye Injili. Mmesikia kwamba somo la leo limetoka mstari wa 15 likaruka hadi wa 19. Fungueni Biblia zenu nyumbani msome mistari iliyorukwa. Humo mna watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, na kilio cha mama asiyekubali kufarijiwa. Yesu aliokoka kwa sababu alikuwa na Misri. Watoto wale hawakuwa na Misri. Mwana wa Mungu tangu utoto wake aliishi kama mtu aliyepewa usalama ambao wenzake hawakuupata. Naye aliutumiaje? Hakuuweka kuwa mali yake. Saa yake ilipofika alisimama penye kizuizi cha mwisho, katika bustani ya mizeituni, akawaambia waliomkamata kwamba kama wanamtafuta yeye, wawaache hawa wengine waende zao (Yn 18:8). Hilo ndilo jibu ambalo mimi sikulitoa.

Nawaombeni mlishike fundisho hili. Mtu akiwa ugenini wakati wa ghasia, aghalabu hupewa ngao ambayo hakuifanyia kazi. Hana kabila katika ugomvi ule, hana shamba, hana kura. Watu humwambia, "Wewe huna neno, pita." Majaribu yake ya kwanza ni kusema, "Haya si yangu." Majaribu ya pili huja akisharudi kwao, naye husema, "Wale ndivyo walivyo. Sisi hatuko hivyo." Yote mawili ni namna ya kutazama usukani. Ngao ya ugeni haikutolewa ili mtu ajifiche nyuma yake peke yake. Imetolewa ili amfunike na mwingine.

Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia jinsi watu wa Gileadi walivyoshika vivuko vya mto Yordani, wakamlazimisha kila apitaye atamke neno moja, Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kulitamka sawasawa, na kwa herufi moja ya ulimi wakachinjwa. Maandiko yanataja watu 42,000. Nao wote walikuwa wana wa Israeli, ndugu wa baba mmoja. Katika simulizi lile sisikii mgeni yeyote aliyesimama kivukoni akasema, "Acheni." Laiti angalikuwapo mmoja.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tumezoea kuitumia methali hii mgeni anapochinjiwa kuku na watoto wa nyumba wakapata mchuzi. Lakini ina kina zaidi. Iko dawa ambayo mgeni anaweza kuitoa na mwenyeji hawezi, kwa sababu mgeni hana upande. Kenya ilipokuwa ikiungua, ni nani waliokwenda kuketi katikati ya wagombanao? Walikuwa Kofi Annan wa Ghana, Graça Machel wa Msumbiji, na Benjamin Mkapa wa hapa kwetu, mwana wa Kanisa letu. Wageni watatu. Nao Wakenya wenyewe walitaka amani, wakawasikiliza, na tarehe 28 Februari 2008 mapatano yakatiwa sahihi Nairobi, Rais wetu Jakaya Kikwete, aliyekuwa Mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, akishuhudia. Mgeni alikuja, na mwenyeji akaanza kupona.

Nasema akaanza, maana Injili nayo haisemi kwamba mambo yalikwisha Herode alipokufa. Yosefu alirudi, akasikia kwamba Arkelao mwana wa Herode anatawala Uyahudi, akaogopa, akaenda zake Galilaya. Tazameni jinsi Maandiko yalivyo ya kweli! Mkimbizi harudi sikuzote mahali alipotoka. Watu wengi wa Bonde la Ufa walianza maisha mapya mbali na mashamba yao ya zamani. Askofu Korir, hadi alipofariki mwaka 2017, alifanya kazi ndefu ya kuwakutanisha majirani waliopigana, kikundi kwa kikundi, kijiji kwa kijiji, waseme yaliyowauma kabla ya kushikana mikono. Mwalimu wangu hakurudi shambani kwake. Alihamia kwa binti yake katika mji mwingine, na huko ndiko alikozikwa. Lakini daftari lilirudi. Niliporudi kuwatembelea, miaka kadhaa baadaye, niliomba kuliona. Kingo zake zimechafuka kwa vumbi la gunia, na chini ya mstari wa mwisho wa mwaka 2007 imeendelea mistari mingine, kwa mwandiko wa katekista mwingine.

Sasa, ndugu zangu wa Tanzania, tujiulize sisi wenyewe. Sisi tumekuwa Misri kwa watu wengi. Tuliwapokea Warundi mwaka 1972, na tena 1993, na tena 2015; na watu zaidi ya 150,000 miongoni mwa wale wa 1972 na watoto wao wamekuwa raia wenzetu. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Ni sifa mbele ya Mungu. Lakini tusijivune. Hakuna taifa lililopewa amani kwa hati miliki. Januari 2001 baadhi ya ndugu zetu wa Pemba, wapatao elfu mbili, walivuka bahari wakaenda Shimoni, Kenya, wakikimbia umwagaji damu wa hapa hapa kwetu. Wakati ule Misri ilikuwa Kenya, na wakimbizi tulikuwa sisi. Aliye Misri leo aweza kuwa Bethlehemu kesho.

Kwa hiyo nawaombeni mambo machache.

Kwanza, katika Jumuiya Ndogo Ndogo juma hili, tazameni ni nani mgeni kati yenu: aliyehamia kwa kazi, aliyeolewa kutoka mbali, asiyesema lugha ya kijiji, mkimbizi. Je, mnamwita kwa jina alilopewa katika ubatizo au na wazazi wake, au kuna jina jingine mnalomwita akisha kupita? Kama lipo, lifieni leo. Mtume Paulo, katika somo la pili, anatuambia tujivike huruma, wema na unyenyekevu, na juu ya yote upendo. Vazi hilo lina rangi nyingi. Asiwepo mtu wa kuita rangi ya mwenzake doa.

Pili, ninyi mlio na watoto na ndugu katika nchi za mbali, msiwaombee usalama tu. Waombeeni ujasiri. Waandikieni kwamba siku wakiambiwa, "Wewe huna neno, pita," watazame kwanza ni nani aliyeketi kando yao. Wasitafute kifo, Yosefu naye alikimbia, na kukimbia kwake kulikuwa utii. Lakini Yosefu hakukimbia peke yake. Alimchukua Mtoto na Mama yake.

Tatu, ninyi makatekista, tunzeni madaftari yenu. Andikeni majina vizuri, kwa wino usiofutika, na msiwaachie watu kuchagua wasimamizi wa kabila lao tu. Mtoto mmoja aliyesimamiwa na jirani wa kabila lingine alimwokoa mzee mmoja kwenye kizuizi. Siku ile ya ubatizo hakuna aliyejua kwamba walikuwa wakijenga daraja. Walidhani wanaandika jina.

Nami, padre wenu, bado nausikia ule ukimya wa barabarani. Nimeuungama, na nimesamehewa, na Mwalimu alinisamehe kabla ya muungamishi wangu. Lakini nimewasimulia ili, likiwajia swali lile, mwe na jibu tayari midomoni.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyemficha Mwanao chini ya paa la watu wageni, nasi hatujui hata jina la Mmisri mmoja aliyempa maji. Wabariki wote waliowafungulia wengine malango bila kuandikwa majina yao. Wakumbuke wale wasiokuwa na Misri, waliokufa njiani, makanisani na mashambani. Utujalie sisi tunaoishi salama tusiufanye usalama wetu kuwa ukuta, bali paa. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakia Dominika njema, ninyi na familia zenu.